Msamaha wa Sebuleni

Kitu cha kwanza alichokiona Sisimizi asubuhi ile ni kidevu cha fundi viatu. Kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Alisimama kwenye ngazi za nyuma na ndoo yake ya maji, akakitazama, akajua siku imeharibika kabla haijaanza.

"Usinitazame hivyo," fundi akasema. "Binti yangu anaposwa Jumamosi. Ulitaka niwapokee wakwe na uso wa jambazi?"

Sisimizi hakujibu. Ndiyo maana walimwita Sisimizi: alikuwa mwembamba, mchapakazi, na sauti yake haikuwahi kufika chumba cha pili. Alipoacha shule darasa la tano, mwalimu aliendelea kwa muda mrefu kumhesabu kuwa yupo, maana tofauti haikuonekana.

Ndevu zile hazikuwa za fundi peke yake. Zilikuwa za Ofisi ya Maridhiano. Kila walipokuja wageni kutazama jinsi nchi ilivyopona vita, fundi alipiga magoti sebuleni, ndevu zimemjaa uso mzima, akaomba msamaha kwa kuwafukuza watu kwenye nyumba yao. Naye mama yake Sisimizi, ambaye alifukuzwa kweli, alimwinua kwa mikono miwili akatamka kwamba amesamehe. Wageni walipiga makofi, wengine wakafuta macho, kisha wakanywa chai.

Kasoro ilikuwa ndogo tu. Fundi hakumfukuza mtu. Siku ile yeye alikuwa amejibanza juu ya dari la jirani, anamwomba Mungu asije akapiga chafya. Aliyewafukuza alikuwa Mheshimiwa. Ni yeye aliyesimama mlangoni na bunduki, watu wake nyuma, akawaambia watoke kama walivyo. Mama alitoka na Sisimizi mkononi. Baba alibisha, na baba hakutoka.

Baadaye ukaja mkataba wa amani. Kila kundi lilipewa vyeo vyake, na fungu la Mheshimiwa likawa uenyekiti wa Maridhiano. Sasa, mwenyekiti hawezi kuwakaribisha wageni na papo hapo akapiga magoti mbele yao, itifaki haikubali. Ikabidi atafutwe mtu wa kumpigia magoti. Fundi alitoka upande mmoja na Mheshimiwa, alikuwa na ndevu za kutosha, na kibanda chake cha viatu kiliegemea ukuta wa ofisi. Aliambiwa achague, magoti au kibanda. Toka hapo amekuwa akijutia makosa ya mwenzake kwa ufundi mkubwa, hata mkewe akalalamika kwamba nyumbani hajawahi kumsikia akisema samahani hata kwa kumkanyaga.

Na hiyo ofisi ilikuwa wapi? Ilikuwa mle mle. Mheshimiwa hakuona sababu ya kuhama nyumba aliyokwisha kuizoea. Chumba cha wazazi kikawa ofisi ya mwenyekiti. Chumba cha watoto kikawa stoo ya fulana zilizoandikwa SISI NI WAMOJA, zote za saizi moja, kubwa. Sebule ikawa Ukumbi wa Msamaha. Mama na Sisimizi walipanga chumba nyuma ya gereji, wakawa wanakuja kila asubuhi kufagia na kuchemsha chai nyumbani kwao. Kila Mama alipouliza watarudishiwa lini, Katibu wa ofisi alimjibu kwa upole ule ule: "Vuta subira, mama. Tuingie kwanza kwenye Jumuiya. Tukishaingia, kila kitu kitakaa mahali pake."

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kuingia. Ujumbe wa Jumuiya ya nchi za jirani ulikuwa unakuja kuthibitisha kwamba watu wamepatana. Nchi mbili kati ya hizo jirani zilikuwa zimefungiana mpaka kwa sababu ya ng'ombe, lakini hilo lilikuwa jambo la kifamilia.

Katibu aliingia na tai mpya, akakiona kidevu, akasimama.

"Ndevu ziko wapi?"

"Zilikuwepo jana," fundi akasema.

"Nani ataamini kwamba wewe uliwahi kumfukuza mtu? Unafanana na mwalimu wa kwaya."

"Sema nilikuwa mwalimu wa kwaya mwenye bunduki. Vita vilichukua kila aina ya watu."

"Utainamisha uso," Katibu akaamua. "Usiuinue hata kidogo. Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, kitambaa kimezungushwa shingoni. Sauti yake ilikuwa imekauka toka juzi. Alifungua mdomo kumsalimia Katibu na kilichotoka kilikuwa kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Katibu alishika kichwa. Alitazama dirisha, akatazama birika, halafu macho yake yakamwangukia Sisimizi, na ilikuwa kana kwamba ndiyo kwanza amemwona, ingawa chai yake alitiliwa na mkono huo kila siku.

"Wewe ni binti yake, si ndiyo? Vizuri. Msamaha ni wa familia. Utasema wewe."

Sisimizi alitikisa kichwa, hapana.

"Ni sentensi moja tu, mwanangu. Sema hivi: kwa niaba ya familia yangu nimesamehe yote, na hatudai chochote."

Mama aliinua uso. Sisimizi naye alisikia. Miaka yote msamaha ulikuwa unaishia kwenye neno "yote". Hayo maneno ya mkiani yalikuwa mageni. Alitaka kuuliza, lakini ulimi ukamganda kama kawaida yake, na aliyeuliza ni fundi.

"Hilo la kutodai limetoka wapi, Katibu?"

"Limetoka juu. Jumuiya haitaki nchi inayoingia na kesi za nyumba. Wageni watarekodi, jambo litafungwa."

"Litafungwa namna gani?"

"Kwa amani," Katibu akasema, akatoka kwenda kupanga viti.

Fundi alimtazama Mama, kisha akatazama magoti ya suruali yake, yaliyotiwa kiraka mara nyingi kuliko kiatu chochote kibandani. "Shemeji," akasema, maana alimwita hivyo nyakati ambazo hawakuwa mbele ya wageni, "maneno hayo yakitoka tu kinywani mwa binti yako, nyumba imekwenda."

Mama alimvuta Sisimizi kwa mkono, akamnong'oneza kwa hewa tupu. "Sema tu, mwanangu. Nimechoka kufagia nikisubiri. Yaishe."

Sisimizi alibeba birika akaenda nalo sebuleni bila kujua anakwenda kummiminia nani.

Pale mlangoni Katibu alikuwa kwenye kazi ngumu. Agizo lilisema kwamba katika taifa jipya hakuna wa upande huu wala wa upande ule, na ni mwiko kuulizana. Agizo lile lile lilisema wageni wakute watu wamekaa kwa kuchanganyika, mmoja wa huku, mmoja wa kule, safu nzima. Kwa hiyo Katibu alimnong'oneza kila aliyeingia, "Wewe wa wapi?", naye alinong'ona jibu, kisha akaonyeshwa kiti cha asiye na upande. Dereva mmoja, ambaye mama yake alikuwa wa huku na baba yake wa kule, aliharibu safu mbili. Mwishowe waliamua asimame karibu na pazia.

"Mimi ndiye huo umoja wenyewe," dereva akalalamika. "Mbona nakosa kiti?"

"Umoja uvumilie," Katibu akamjibu. "Wageni wamefika."

Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na koti lililokaa sawasawa. Wote walisimama kwa wimbo wa taifa. Wimbo huo ulitungwa na kamati ya pande zote, na kila upande uliondoa maneno yaliyoukera, mpaka ukabaki muziki na neno moja, daima. Watu walivuma kwa pua, na walipofika kwenye daima wakaitoa kwa nguvu zote.

Mheshimiwa alikaa katikati, kwenye kiti kirefu, tumbo limetulia magotini. Katibu alishika kipaza sauti.

"Ndugu wageni, kabla hatujaona msamaha, naomba tufikirie nyumba. Nyumba ya kawaida. Mama yuko jikoni. Mtoto anakimbia sebuleni. Halafu siku moja inachukuliwa."

Mgeni mkuu alifumba macho ili aione vizuri. Wenzake nao wakafumba. Sisimizi, aliyekuwa amesimama na sinia katikati ya sebule hiyo, akapita polepole asiwakanyage miguu.

Kisha fundi akaitwa. Alikuja ameinama mno hata akagonga meza. Lakini alipopiga magoti na kuanza, ukumbi ulitulia. Mtu huyu alikuwa ameomba msamaha mara nyingi sana, na kama ilivyo kwa kazi yoyote, mkono ulikuwa umekolea. Alisimulia jinsi alivyoupiga mlango teke. Alisimulia mama aliyetoka na mtoto, na mwanaume aliyekataa kutoka. Hapo sauti yake ilikatika, na safari hii haikukatika kwa ufundi. Alikuwa amesahau asiinue uso, akakutana na macho ya mtoto mwenyewe.

"Nimekosa," fundi akasema. "Nimewakosea sana."

Sisimizi aliwekwa mbele yake. Mtu alimpokea sinia, mwingine akamsogezea kipaza sauti. Alitafuta pa kutazama, popote pasipo na watu, na macho yake yakaishia kwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa analia. Alikuwa ametoa kitambaa cheupe, anafuta jicho moja, kisha la pili, anamtingishia fundi kichwa taratibu, kama mzee anayemhurumia kijana aliyepotea njia. Alikuwa amemsikitikia kabisa. Ukimtazama ungesema amekwisha kumsamehe.

Na hapo kitu kilichokuwa kimemganda Sisimizi kooni toka utotoni kikaanza kuyeyuka, na kilichotoka nyuma yake hakikuwa machozi.

"Kwa niaba ya familia yangu," Katibu alimnong'oneza kutoka kando. "Nimesamehe yote. Haya, mwanangu."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama hapo na kitambaa chake shingoni. Sisimizi alimtazama, akangoja amkataze au amwambie aharakishe. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni kwenye ngazi.

Sisimizi aliinama akamshika fundi mkono.

"Inuka, mjomba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo vile vile, lakini kipaza sauti hakijui watu wenye haya; kiliichukua kikaipeleka mpaka barabarani. "Wewe hukufanya kitu. Ulikuwa darini."

Kwenye pazia dereva alicheka, akajizuia. Mgeni mkuu aliweka miwani yake sawasawa. Katibu alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, lakini fundi, aliyekuwa anainuka kwa shida kwa sababu ya magoti yake mabovu, alijikuta amesimama kati yao, na hakuwa na haraka ya kupisha.

Sisimizi alimgeukia Mheshimiwa. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kiko jichoni.

"Uliyetufukuza ni wewe," akasema. "Sebule hii ni yetu. Baba yangu alifia pale mlangoni unapowapokelea wageni. Hujawahi kuniomba msamaha, Mheshimiwa, na mimi sijakusamehe. Nyumba tunaidai."