Madema ya Marehemu

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, mjane aliingia kwenye kibanda cha nyuma kuchota majivu. Akainua macho ukutani, akaona misumari saba mitupu. Kila msumari ulikuwa wa dema moja, ule mtego wa fito wenye koo jembamba, ambao mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, huingia akifuata chambo kisha asione njia ya kutoka. Kama misumari yote saba ilikuwa mitupu, basi madema yote saba yalikuwa mtoni, na yalikuwa yanaendelea kuvua.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Wiki mbili sasa."

Maana dema halijui kama mwenyewe amekufa. Mikunga wanaingia, chambo kikiisha wanatafunana, na yule mkubwa akiwamaliza wenzake naye anakufa njaa, anaozea humo humo. Jambo hilo mumewe hakuweza kulivumilia. Hata siku ya homa kali alijikokota kwenda kuyaopoa, na siku aliyobebwa kupelekwa hospitali, pale mlangoni, alikuwa bado anataja madema. Mkewe alimjibu kwa ukali kwamba aache upuuzi, apone kwanza. Hakupona.

Taabu ni kwamba hakuna aliyejua yalikozamishwa. Bwana yule hakuitwa Kufuli bure. Kwa miaka ishirini na miwili mkewe alichuna mikunga aliowaleta: majivu viganjani wasiteleze, kisu kuzunguka shingo, kisha ngozi inavuliwa kama soksi. Akawauza sokoni, akiwavumilia wateja waliokunja pua na kuuliza kama hilo si nyoka, na kesho yake wale wale ndio wa kwanza kuulizia kama wamebaki. Lakini wapi walikovuliwa, hakuambiwa hata siku moja.

"Nikikwambia utaota," Kufuli alizoea kumtania, "na ukiota utasema."

Zamani hakuwa msiri kiasi hicho. Alivua pamoja na mdogo wake, kila mmoja akijua sehemu za mwenzake. Halafu, miaka kumi iliyopita, akarudi nyumbani uso umemkunjamana, akasema mdogo wake anamwibia. Ushahidi? Kamba ya mfuniko wa dema alikuta imefungwa kwa mkono wa kushoto, na mdogo mtu ni mashoto. Mkewe alicheka. Alimwuliza kama mto mzima una mtu mmoja tu wa mashoto. Kufuli hakucheka. Alihamisha madema yote, akayapeleka mbali kule juu ya mto, sehemu mpya ambazo, kwa maneno yake, hata kivuli chake hakikuzijua. Na bado alirudi akilalamika kwamba anaibiwa.

Hapo watu wakaanza kunong'ona kwamba kichwa cha Kufuli kimelegea. Na mkewe, tusimfiche, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Alimpenda shemeji yake. Aliona aibu kuwa mke wa mtu anayemshuku ndugu wa tumbo moja kwa sababu ya samaki, tena samaki mwenyewe wa utelezi. Kila Kufuli alipoanza, alimkatiza: "Haya, mwizi wako amekuja tena?" Mwishowe Kufuli akaacha kusema. Akawa anaenda mtoni na kurudi, hana mtu wa kumwambia.

Alipozidiwa hospitalini, mkewe alimwita mdogo mtu aje. Akainama juu ya kitanda, akambembeleza mumewe, "Usiende na kinyongo. Mwombe radhi mdogo wako. Nifanyie mimi."

Kufuli alimtazama mkewe, akamtazama muda mrefu. Kisha akageuza kichwa kwenye mto wa kulalia, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikusingizia."

Mdogo mtu alimshika mkono, machozi yanamtiririka. "Nimekusamehe, kaka."

Mkewe alilia kwa furaha siku ile. Alirudi nyumbani akiona kwamba walau hilo amelifanikisha.

Basi alipoiona ile misumari, mtu wa kumwendea alikuwa mmoja tu. Alimkuta mdogo mtu barazani kwake akipiga randa ubao, maana kazi yake ni kuunda mitumbwi.

"Shemeji, madema ya kaka yako yamebaki mtoni."

Randa ilisimama. "Yote?"

"Yote saba. Sijui pa kuanzia. Nilidhani wewe, kwa vile unaujua mto, unaweza kukisia. Tukipata hata mawili."

Mdogo mtu aliufuta ubao kwa kiganja, akaufuta tena, ingawa ulikuwa hauna vumbi. "Twende kesho asubuhi," alisema.

Asubuhi walipanda mto, mdogo mtu nyuma na upondo wa kusukumia mtumbwi, mjane mbele na kulabu ya kuopolea. Mjane hakumwongelesha shemeji yake. Alijua ana majonzi yake. Walipita sehemu zote za zamani bila kusimama. Mbali kule juu, penye mti ulioanguka majini, mdogo mtu aliuzuia mtumbwi, akasema, "Hapa. Chini ya shina."

Mjane alitumbukiza kulabu, ikanasa. Dema likapanda zito. Ndani mlikuwa na mikunga watatu waliokufa, na harufu yao ni bora isisimuliwe. "Mungu akubariki shemeji," alisema, akijiziba pua. "Una bahati ya mkono."

La pili lilikuwa kwenye kona, kati ya mawe mawili. Hapo pia mtumbwi ulikwenda moja kwa moja. La tatu lilikuwa ndani ya matete, mahali ambapo hata mchana kweupe mtu angepita mara mia asione kitu, na mdogo mtu aliyasukuma matete kwa upondo kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake.

Mjane alikuwa ameshaishika kamba ya dema. Aliiachia.

"Shemeji," alisema polepole, "sehemu hizi alizihamia baada ya kugombana na wewe."

Mdogo mtu aliyasukuma matete tena.

"Hakumwambia mtu. Mimi mkewe hakuniambia. Wewe umezijuaje?"

Maji yaligonga ubavu wa mtumbwi. Mdogo mtu alikaa chini, upondo magotini. "Mara ya kwanza nilitaka kuona tu," alisema. "Mitego yangu ilikuwa haina kitu, yake imejaa. Nikachukua mkunga mmoja. Alipohama nikamfuata kwa mbali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipolazwa."

"Na jana hukuweza kuniambia hujui?"

"Ningeweza. Lakini mikunga wangeozea humu. Kaka hakupenda mkunga aozee mtegoni." Akafunika uso kwa mikono. "Nisamehe, shemeji. Kwa jina la Mungu, nisamehe."

Mjane alimtazama mtu yule ambaye yeye alimpikia, akamtetea, na kwa ajili yake akamcheka mumewe. Hasira ilimpanda.

"Mimi siye wa kukusamehe," alisema. "Aliyekuwa na haki ya kukusamehe, wewe ulimsamehe."

Mdogo mtu alilia kwa sauti. Mjane hakumbembeleza. Kwa mawazo alikuwa amerudi hospitalini, kwenye yale macho yaliyomtazama muda mrefu. Kumbe Kufuli alikuwa na akili zake timamu. Alijua hakumsingizia mtu, na alilisema neno lile kwa sababu mkewe alimwomba, naye hakuwa na kingine cha kumpa. Miaka kumi alisema kweli hakuaminiwa. Alisema uongo mara moja, akapongezwa.

"Simama," alimwambia mdogo mtu. "Yamebaki manne."

Walikwenda kote. Kila penye dema mdogo mtu alisema, "Hapa." Katika dema la mwisho mlikuwa na mkunga mmoja hai, mkubwa, amekonda mpaka kichwa kimemzidi mwili. Mjane alikata kamba ya mfuniko, akaliinamisha dema majini. Mkunga akapita katikati ya vidole vyake, akapotea kwenye tope.

Mjane alibaki ameinama hivyo hivyo, mikono ndani ya maji.

"Ulikuwa unasema kweli, mume wangu," alisema. "Nisamehe."

Akasubiri. Hakukuwa na mtu wa kumjibu kwamba amesamehewa.