Spana Kwenye Kiti cha Dereva

Mtu akipooza, watu humsamehe mengi. Mzee huyu alikuwa na mengi ya kusamehewa, na kusamehewa kulimuuma kuliko kupooza kwenyewe.

Miaka thelathini alikuwa mchonga vyuma kiwandani, fundi asiyekosea kipimo hata kwa unene wa unywele. Alipostaafu, wenzake walinunua kuku wa kufuga. Yeye alinunua gari lililokuja ndani ya makreti: fremu ya mabomba, bodi ya faiba vipande sita, mfuko wa nati na bolti, na kitabu cha maelekezo alichokitupa alipofika ukurasa wa tatu, kwa sababu aliyekiandika, alisema, hajawahi kushika spana maishani. Injini aliitoa kwenye gari lililopata ajali. Akaunganisha peke yake, miaka minne, kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba.

Likatoka gari fupi la njano, viti viwili, halina paa, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unaweza kunyoosha mkono ukagusa lami. Alilibatiza Nyigu, kwa rangi yake na kwa mlio wake. Jumapili alikwenda nalo kwenye mkutano wa chama cha waunda magari, wazee kumi na wawili wa kujisifu mpaka mate yanakauka, na siku nyingine za wiki alikuwa akifungua kile ambacho hakikuharibika. Magari ya namna hii hayaishi kuungwa. Ukikaza hapa, pale panalegea, na mwenye ugonjwa huo hufurahi pale panapolegea.

Gereji ilikuwa na sheria. Kila spana ilikuwa na mahali pake ubaoni, palipochorwa umbo lake kwa rangi nyeusi, na ole wake atakayeitundika pengine. Ila sheria moja hakumwambia mtu: bolti ikibaki haijakazwa, spana yake inalala kwenye kiti cha dereva. Haondoki nalo mtu mpaka spana imchome makalio na kumkumbusha. Hakuwahi kuieleza kwa sababu wa kuelezwa alikuwa mmoja tu, na huyo alimwona ni mjinga.

Huyo ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa akiuza mapazia. Mzee hakuwahi kumwita jina lingine ila Pazia, hata siku ya harusi. Na Pazia, badala ya kuchukia, alipenda gari lile jinsi mtoto anavyopenda mbwa wa jirani. Kila Jumamosi alikuja kusaidia, na kila Jumamosi alitukanwa. Mjinga, shika taa vizuri. Mjinga, hiyo ni namba kumi, nimesema kumi na tatu. Siku moja, mbele ya wageni mezani, mzee alimwambia anyooshe mikono, akawaonyesha watu: "Angalieni laini ilivyo. Mikono hii ingefaa kubeba mtoto, basi tu huyo mtoto mwenyewe ameshindwa kumpata." Binti alitoka mezani. Pazia alirudisha mikono chini ya meza, akauliza kama kuna mtu anataka maji.

Sasa Jumatano moja, mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya Nyigu anabadilisha bolti ya usukani. Fimbo inayotoka kwenye usukani hukutana na fimbo ya chini kwenye kiungo kidogo chenye meno ndani, mafundi wanakiita krosi, na krosi hiyo inabanwa na bolti moja tu. Ya zamani ilikuwa imelika uzi. Aliitoa, akachomeka mpya kwa vidole, akaweka spana namba kumi na tatu kwenye kiti cha dereva, akaenda kabatini kuchukua nati. Hakufika. Pazia, aliyepita kuleta mapazia ya sebuleni, alimkuta sakafuni mdomo umeenda upande, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Daktari alisema nusu saa zaidi angekuwa maiti.

Alikaa hospitali miezi miwili. Upande wa kulia ulikufa. Mkono wa kushoto ulibaki, akili ilibaki yote, na katika maneno yote aliyowahi kuyasema duniani lilibaki moja. Akitaka kusema maji, linatoka "mjinga." Akitaka kusema asante, ingawa hilo halikumjia mara nyingi, linatoka "mjinga." Daktari aliwaeleza kwamba hatukani, ni neno lililosalia tu, mara nyingi husalia lile lililozoeleka.

"Kuna watu wanabaki na Mungu wangu," mkewe alimwambia walipokuwa peke yao, akimfuta udenda. "Wengine wanabaki na jina la mke. Wewe umebaki na hilo. Basi ndilo lililokuwa limekujaa."

Siku waliyomrudisha nyumbani, Pazia alikisukuma kiti cha magurudumu moja kwa moja hadi gereji, kama mtu anayempeleka mzazi kuona mjukuu. Nyigu alikuwa amesuguliwa anang'aa. Jicho la mzee likakimbilia kiti cha dereva. Kitupu. Likapanda ubaoni: spana namba kumi na tatu ilikuwa imening'inia ndani ya umbo lake, imefutwa mafuta.

"Niliikuta kwenye kiti, Baba," Pazia alisema kwa fahari. "Nikairudisha mahali pake, kama ulivyonifundisha. Na nimelizungusha gari uani kila wiki ili betri isife. Jumapili nitakwenda nalo kwenye chama. Mama watoto atakaa pembeni yangu." Alimwita mkewe hivyo, mama watoto, ingawa watoto hawakuwapo, na hata mzee hakuwa na hali ya kumcheka.

"Mjinga," mzee alisema. "Mjinga, mjinga!"

"Najua, Baba. Pole pole. Maneno yatarudi."

Zilibaki siku nne kufika Jumapili. Kichwa cha mzee kilikuwa kinafanya kazi, ndiyo alikishusha, hapana alikitikisa, lakini ilitegemea mtu amuulize swali lenye maana. Unataka choo? Unataka uji? Nikuwashie redio? Alitikisa mpaka shingo ikauma. Alimwonyesha mkewe ubao wa spana kwa mkono wa kushoto, mkewe akashusha namba kumi na tatu akamwekea mapajani kama mwanasesere, akae nayo, apate faraja. Aliitupa ikavunja kioo cha kabati. Mkewe akaokota vipande, kisha akasema kwamba hata kiharusi hakijamfunza adabu. Ijumaa alijaribu kuandika. Mkono wa kushoto ukachora mistari, na mistari haikuwa herufi.

Alikuwa na hofu, tuseme ukweli, na hofu yake yote ilikuwa juu ya binti. Huyo alimpenda. Ndiye mtu pekee nyumbani mle ambaye mzee hakuwahi kumwita mjinga, hata alipoolewa na mapazia. Uani Nyigu alitembea taratibu na meno ya krosi yalishikilia. Lakini kutoka getini barabara inateremka mpaka kona ya ghala la mbao, kona kali yenye mtaro pembeni, inayotaka usukani uvutwe kwa nguvu, na mzee alijua kwamba hapo meno yale yataachia na usukani utazunguka bure kama mfuniko wa chupa.

Jumapili asubuhi wakamtoa nje aone. Pazia alikuwa amevaa ovaroli ya mzee, imempwaya, mikono ameikunja. Nyigu alinguruma uani. Binti alikuwa ameshakaa, amejifunga kitambaa kichwani, anacheka kwa jinsi alivyokaa chini, uso wake uko usawa wa magoti ya watu. Mke wa mzee alikisogeza kiti karibu na mlango wa gari ili baba na mtoto waagane.

Mzee aliunyoosha mkono, akauelekeza kwenye usukani. "Mjinga. Mjinga!"

"Anataka kuendesha, masikini," binti alisema, machozi yakamlengalenga. Akaushika mkono wa baba yake, akauweka juu ya usukani. Mzee akauzungusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, uwaachie sasa, waone kwa macho yao. Magurudumu ya mbele yakageuka kwa utii, kushoto, kulia. Pazia akapiga makofi.

"Anaweza! Mama, umeona? Ana nguvu!"

Ndipo mzee alipobaki na njia moja. Aliutoa mkono kwenye usukani, akamtazama binti yake machoni, akasema, "Mjinga," taratibu, neno lake lote, kisha akampiga kofi. Ulikuwa mkono wa fundi, hata wa kushoto. Kitambaa kikamtoka binti kichwani.

Injini ilikuwa inaunguruma lakini kila mtu alisikia. Binti hakulia mara moja. Alimtazama baba yake kama mtu aliyefika kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Kisha akatoka garini, akajikwaa kwa jinsi kiti kilivyokuwa chini, akaingia ndani, na mama yake akamfuata akisema maneno ambayo hayaandikiki.

Mzee alihema. Amefanikiwa. Siku nne alikuwa amebeba jambo hilo kifuani peke yake na sasa limetua.

Pazia alizima injini. Angeweza kukasirika, mtu mwingine yeyote angekasirika. Yeye alikuja akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono uliompiga mkewe, akautuliza mapajani.

"Baba," alisema. "Wewe hujawahi kumgusa. Umenitukana mimi miaka sita na nimezoea, lakini yeye hujawahi. Kwa hiyo unasema kitu. Siku zote hizi unasema kitu, na sisi tunakuletea uji." Akafikiri. "Ni gari? Gari lina ubovu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Katika watu wote, limekuja kuulizwa na huyu. Kichwa cha mzee kilianza kushuka.

"Kama lipo niambie tu, usiogope," Pazia aliendelea, upole umemjaa usoni. "Nitalitengeneza mwenyewe. Siku hizi naijua kila nati iliyomo humo. Gari litakuwa salama mikononi mwangu, Baba, hata ukiondoka."

Kichwa kikasimama. Mzee aliitazama ile mikono laini ikitoka kwenye ovaroli yake, akaiona tayari imeshika spana zake, imefungua boneti, inaeleza wazee wa chama pale palipokuwa na tatizo na jinsi ilivyoligundua. Imegundua kosa la nani? La kwake. Na Nyigu atazeeka mikononi mwa muuza mapazia, akisuguliwa kila Jumamosi, na watu watasema ni gari la Pazia. Binti yuko ndani, salama. Roho mbaya haikumwingia hapo. Ilikuwa yake siku zote, ila sasa ilipata kazi. Alijiambia kwamba mtu hafi kwenye mtaro wa ghala la mbao. Atavunjika mkono. Akome. Na gari life, bora life likiwa lake.

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Hakuna ubovu wowote?"

Hapana.

"Una hakika, Baba?"

Akakishusha kichwa. Ndiyo. Tangu augue hakuwahi kueleweka vizuri namna hii.

Pazia alicheka kwa kushukuru, akambusu kwenye paji la uso, akarudi garini. Injini ikawaka. Mzee akakaa akimtazama akihangaika na mkanda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile alijisikia mzima. Nyigu akaanza kwenda, polepole, akafika getini.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Binti alitoka mbio, amenawa uso, amefunga kitambaa kingine, na mama yake nyuma yake akimsukuma kwa maneno: "Nenda na mumeo! Usimpe huyu furaha ya kukuona umekaa ndani unalia. Nenda ukapunge upepo!"

"Ningoje!" binti alipiga kelele. Pazia akakanyaga breki. Binti hakusubiri mlango, aliruka juu yake kama msichana wa shule, akatua kitini. Kisha akageuka, na kwa sababu alikuwa na moyo laini asioupata kwa mama yake, akampungia baba yake mkono. Shavu moja lilikuwa bado limevimba.

Mzee alipaza sauti. Alilipiga neno lake mara tano, mara kumi, kwa sauti iliyofanya majirani wafungue madirisha, akapiga pembeni ya kiti kwa mkono wa kushoto mpaka ukachubuka, akatikisa kichwa, akakishusha, akakitikisa.

"Unamtukana mpaka getini?" mkewe alisema. Alifungua breki za kiti, akakizungusha, akakisukuma mpaka ukutani, uso wa mzee ukabaki shibiri moja kutoka kwenye rangi iliyobabuka, kisha akafunga breki. "Kaa hapo. Ukishika adabu nitakugeuza."

Alisikia gari likishika mteremko. Gia ya pili. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, ndiyo yaliyomlisha miaka thelathini, na yalimletea kila kitu: binti yake akicheka, matairi juu ya kokoto, gia ya tatu, iliyoingizwa mapema mno. Halafu mshindo, mfupi, wa mbao nyingi kuanguka pamoja.

Mkewe alikuwa anafagia uani. Alisimama kidogo, akasikiliza.

"Hawa watu wa ghala," alisema, "hata Jumapili hawapumziki." Akaendelea kufagia.