Zamu ya Kagure

Ngatia alikuwa amestaafu kazi ya maji, ila kichwa chake bado kilikuwa kwenye valvu. Miaka yote ya mradi ndiye aliyevifungulia maji vijiji vya juu ya Nyeri, kwa zamu. Zamu yako ikiisha anafunga, hata kama una sabuni usoni. Sheria ni msumeno, alipenda kusema, na watu walimheshimu huku wakimnung'unikia.

Basi mwaka wa 1999, binti yake Kagure alipounganisha kompyuta mbili pale nyumbani, mtaa wa Skuta, mzee aliona mabomba tu. Kompyuta ya sebuleni ndiyo iliyoshikana na waya wa simu. Ile ya chumbani kwa Kagure ilipata intaneti kupitia hiyo ya sebuleni, kwa waya wa buluu uliopita chini ya mlango.

"Kwa hivyo ukifungua yako, yangu inapungua," Ngatia alisema.

"Kidogo tu, Baba. Mimi naandika maneno, hayawezi kujaza laini. Tunaweza tumia sote pamoja."

"Maitu, mimi nimefunga valvu ukiwa kwa mgongo ya mama yako." Alimwita maitu, yaani mama, kwa kuwa Kagure alibeba jina la mama mzazi wa Ngatia. "Bomba moja haitoshi watu wawili. Tutapeana zamu."

Kagure akacheka, akakubali. Laiti angebisha!

Ijumaa moja zamu yake ilikuwa mpaka saa tisa. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kikimhoji kwa kuandikiana kwenye intaneti, swali kwa jibu, ili kimpe nafasi ya kusoma bure. Ngatia alijua, hata asubuhi alikuwa amemwombea. Hakujua tu kwamba wahojaji walichelewa kuanza. Redio ilipotangaza saa tisa, alipeleka mkono nyuma ya kompyuta, akachomoa waya wa buluu, akauviringisha vizuri, kisha akafungua gazeti lake kwenye intaneti. Kuuliza hakuuliza. Mtu wa valvu hapigi hodi.

Ukurasa ulikuja polepole vilevile. Akangoja, maana ukifunga bomba upande mmoja, maji huchukua muda kupanda upande wa pili.

Chumbani, Kagure alidhani laini imekatika kama kawaida yake. Akazima kompyuta, akaiwasha, akajaribu tena na tena. Alipotoka, waya ulikuwa mezani.

"Baba, walikuwa bado wananiuliza!"

Ngatia akauchomeka. Barua pepe mpya ilikuwa imeshafika, Kagure akaisoma kwa sauti. Wahojaji walimpoteza, wakapiga simu nyumbani wasimpate, kwa kuwa laini ilikuwa inatumika. Walikuwa wamempa mwingine nafasi ile. Na aliyekuwa akiitumia laini ni Ngatia, akisoma matangazo ya vifo vya watu asiowajua.

Majuto ni mjukuu, lakini kwa Ngatia hayakungoja hata jioni.

"Nisamehe, maitu."

"Ni sawa, Baba. Maliza zamu yako."

Afadhali angemfokea.

Sasa Kagure anauza vipuri dukani, mjini Kenol, na nyumbani huja Krismasi. Ngatia hauchomoi tena ule waya wa buluu, ingawa upande wa pili hakuna mtu. Kila alasiri hukaa sebuleni na laini nzima peke yake, akingoja gazeti lifunguke. Linakuja polepole vilevile.