Mjomba Asiwemo

"Samahani mzee wangu, unaniharibia picha. Sogea kule kwa wapishi."

Hemedi aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani anaambiwa mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Ni yeye aliyekuwa akifukuzwa, Jumamosi asubuhi, uani kwake mwenyewe Magomeni ya Mtwara, chini ya turubai alilolifunga kwa mikono yake. Na anayemfukuza ni kijana mwenye kofia ya kugeuza nyuma, amechuchumaa na kamera yake kama anawinda kanga.

Hemedi akasogea. Siku ya harusi mtu mzima hapigani na kofia. Lakini neno lile aliliweka akiba.

Kijana aliitwa Kelvin. Baba yake alikuwa mwalimu, alihamishiwa Mtwara kutoka Kilimanjaro, na Kelvin alikulia hapa hapa kwenye nyumba za walimu, asijue la watu wa hapa zaidi ya bei ya korosho. Alikuwa na studio Chikongola. Ukimwita mpiga picha wa harusi alinuna. "Mimi sipigi picha," alikuwa akisema, "mimi nasimulia mapenzi ya watu kama sinema." Haya, sinema. Na sinema, ndugu zangu, haiendi bila steringi.

Steringi aliyemchagua alikuwa amekaa kiti cha mbele, kavaa koti, kajipaka mafuta mpaka masikio yanang'aa. Jafari. Baba wa bibi harusi. Mtu huyu alimwacha Nuru ana mwaka mmoja, akapanda basi la Dar es Salaam, akawa habari za kusikia. Mama yake Nuru, dada yake Hemedi, alipofariki, Jafari hakuja hata matangani. Nuru akalelewa na mjomba wake Hemedi na mkewe Tabu, ambao hawakujaaliwa mtoto mwingine. Hemedi alikuwa na majaruba ya chumvi upande wa Msimbati, kule Ruvuma inakokaribia bahari. Chumvi ile imempasua nyayo, imemla kucha, na imemsomesha Nuru mpaka ualimu. Jafari alifika Jumapili iliyopita na begi moja. Usione vyaelea, vimeundwa. Yeye alikuja vikiwa vinaelea.

Hemedi hakumkataza kuja. Dini ni dini, baba ndiye atakayesimama mbele ya shehe baada ya adhuhuri. Lakini kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kabla shehe hajafungua kinywa, mshenga lazima aje kwa mjomba, akae chini, aombe kauli. Mjomba akisema "nimetoa", harusi ipo. Asiposema, pilau lile litaliwa na majirani na bwana harusi Muzamil atarudi kwao Rahaleo na suti yake. Hemedi aliisubiri siku ya kulitamka neno hilo miaka ishirini na mitatu. Wiki ile yote alikuwa Tandahimba, akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika wazee wa ukoo. Kwa hiyo hakujua kilichofanyika nyuma yake.

Alikijua saa tano, Kelvin alipowasha projekta kuelekea skrini.

Watu wakasogeza viti. Filamu ilianza kwa droni kupaa juu ya mikoko, ikashuka kwenye majaruba. Hemedi akatabasamu, maana aliyatambua. Jaruba la tatu lina kona iliyobomoka, aliiziba mwenyewe mwezi wa saba. Halafu katikati ya jaruba lile lile akatokea mtu mwenye shati jeupe, suruali imekunjwa vizuri, anavuta chumvi kwa reki. Muziki ukapanda. Mtu akainua uso.

Jafari.

"Maisha yalikuwa magumu," sauti ya Jafari ikasema kutoka kwenye spika, tena kwa kutetemeka, mnafiki mkubwa. "Lakini kwa ajili ya binti yangu niliivuna chumvi hii, asubuhi na jioni. Nilikuwa baba, nikawa mama pia."

Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaanza kujifuta machozi. "Huyo ndiye baba!" mmoja akasema. Tabu aliyekuwa mlangoni akaweka mkono kinywani.

"Reki yangu ile," Hemedi akasema. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeibiwa sokoni: "Reki yangu ile! Na anaivuta kinyume, mwangalieni!"

Akaenda akasimama mbele ya skrini. Sura ya Jafari ikamwangukia kifuani kwenye kanzu.

"Zima."

"Mzee, zimebaki dakika mbili," Kelvin akasema. "Pale penye utamu ndipo panapokuja."

"Zima kabla sijakuzima wewe."

Kelvin hakuzima. Aliinua kamera nyingine akamwelekezea Hemedi usoni, taa nyekundu inawaka. Loo! Mtu anavuliwa nguo mbele za watu, na mwingine anatafuta mwanga mzuri. Hemedi akaibandika lenzi kiganja chake, akaisukuma.

"Kwenu wewe," akamuuliza, "mjomba ni nani?"

"Kwetu mjomba ni mjomba tu," Kelvin akajibu, akiifuta lenzi kwa hasira. "Anakuja sikukuu, anakula, anaondoka. Mwenye mtoto ni baba. Sasa mimi kosa langu nini?"

Wazee wa Tandahimba waliguna wote kwa pamoja. Mmoja akatafuta bakora yake.

Ndipo mshenga Kassimu akaingia na watu wa bwana harusi. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima, hakujua la mnazi wala la mkoko katika yaliyotokea pale. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka mbele ya Hemedi.

"Bwana Hemedi, tumekuja kuchukua kauli."

"Kauli anayo aliyevuna chumvi," Hemedi akasema, akamnyooshea kidole Jafari.

Jafari akainuka, akarekebisha koti, akakohoa. "Mimi kwa upande wangu nimekubali kabisa."

"Wewe tutaonana kwa shehe, bwana Jafari," Kassimu akamwambia bila kumtazama. "Hapa nimemfuata mwenye mtoto."

Jafari akakaa. Vijana wakacheka. Lakini wanawake wa Rahaleo hawakucheka. Walianza kulalamika waziwazi kwamba mzee ana wivu, mzee anataka kuvunja harusi ya mtoto kwa sababu ya picha. Macho yakamgeukia Kelvin, na Kelvin akaona mzigo wote unataka kumwangukia yeye.

"Msinibebeshe mie!" akasema kwa nguvu. "Hadithi sikuitunga. Aliitoa bibi harusi mwenyewe, sauti yake ninayo. Mpaka kwenye majaruba alinipeleka yeye, na reki alinitolea yeye. Nilimuuliza, na mjomba je? Akasema, mjomba asiwemo."

Hemedi akageuka. Alikanyaga juu ya mkeka na viatu vyake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akaingia ndani.

Nuru alikuwa ameketi kitandani, hina mpaka viwikoni, mtandio mwekundu mabegani. Tabu aliingia nyuma ya mumewe, akafunga mlango.

"Ni kweli?" Hemedi akauliza.

"Ni kweli, Mjomba."

"Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu." Alikuwa akiangalia mikono yake. "Muzamil aliponiuliza baba yangu yuko wapi, nilimwambia yupo, ndiye aliyenilea. Niliona haya kusema alinitupa. Basi nikashindwa kurudi nyuma."

"Ukaniona mimi ndiye haya."

"Siyo hivyo, Mjomba. Wewe nilikuwa nawe siku zote. Yeye nilimtaka siku moja tu." Sasa alikuwa analia. "Ningemwambia yeye hayumo kwenye filamu, angepanda basi aondoke. Wewe nilijua ukikasirika, utakasirika, lakini utakuwepo. Wewe huondoki."

Jamani, lisikieni neno hilo. Kuna mtu angelisikia akamkumbatia mtoto. Hemedi mwenyewe alijua ni sifa, sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Lakini alichokisikia sikioni mwake siku ile ni kwamba amepimwa, akaonekana ni wa kutupwa bila hasara, kwa kuwa kesho yake utamkuta pale pale. Asante ya punda ni mateke. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza.

"Mpe maji anywe," akamwambia Tabu, akatoka.

Uani kila mtu alikuwa amesimama isipokuwa Kassimu. Hemedi akaketi mbele yake.

"Nimetoa," akasema.

Vigelegele vikalipuka. Mwanamke mmoja akaanza kucheza. Hemedi akainua mkono.

"Sijamaliza. Bwana Kassimu, wewe unajua taratibu zetu, lakini nitazisema ili wageni wasikie. Kwetu binti akipigwa na mumewe, akinyimwa chakula, akifukuzwa, harudi kwa baba. Anarudi kwa mjomba. Mjomba ndiye anayempokea na mjomba ndiye anayekwenda kumsemea. Sasa huyu Nuru akipatwa na lolote, mlango wangu asiubishe. Aende kwa baba yake. Mmemwona wote."

Hata wapishi waliacha kukoroga. Mwanamke kuolewa bila mjomba wa kumrudia, wazee wa Tandahimba walikuwa hawajawahi kulishuhudia. Laana si lazima itukane.

"Lakini mimi basi langu ni kesho alfajiri," Jafari akasema, akitazama huku na huku. "Na kule ninapanga chumba kimoja."

Tabu alitokea mlangoni kichwa wazi, kanga imemdondoka. "Hemedi! Lirudishe hilo neno! Mshenga bado hajainuka, lirudishe! Akiinuka nalo limekwisha, wewe unajua!"

Kassimu alijua pia. Ndiyo maana hakuinuka. Alijifanya anatafuta kitu mfukoni, akatoa leso, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akaikunja leso mara mbili, mara nne. Alikuwa anampa mwenzake muda. Kutoka ndani sauti ya Nuru ikaita, "Mjomba!"

Moyo wa Hemedi ukalegea. Ulilegea kweli. Alimwona Nuru ana miaka minne, anaota jua ukingoni mwa jaruba la tatu, miguu myeupe kwa chumvi, anamwita vile vile. Kinywa kikaanza kufunguka, na machozi nayo yakawa njiani.

Alipoinua uso akakutana na ile taa nyekundu. Kelvin alikuwa amepiga goti hatua mbili kutoka kwake, kamera imemkabili usoni, anashikilia pumzi ili picha isicheze. Safari hii hakumwambia asogee.

Hemedi akakifunga kinywa. Asingelia mbele ya yule kijana, akawekewa muziki. Akakaza taya, akatazama mkeka, akasubiri kamera ishushwe.

Haikushushwa.

"Mjomba!" Nuru akaita tena.

Kassimu alimtazama Hemedi kwa muda mrefu. Kisha akairudisha leso mfukoni, akashika goti lake kwa mikono miwili, akainuka.