Gitaa Kavu

Siku ya thelathini na tatu tangu yeye na mumewe watoke hospitali mikono mitupu, Sindano alirudi kazini.

Jina hilo alipewa na bendi kwa sababu ya solo zake, nyembamba na zenye kupenya. Mpiga dramu alikuwa akisema kwamba mwenye jino bovu akizisikia hupona, na mwenye meno mazima huondoka na jino bovu. Siku hiyo mpiga dramu hakutania. Wote walikuwa wamejiandalia maneno ya kumpokea, lakini alipoingia ukumbini na gitaa mgongoni, kila mmoja akamsukumia mwenzake mzigo. Mpiga kinanda akainamia kinanda. Mpiga dramu akaanza kukaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Mwishowe akajitosa Koo, mwimbaji na kiongozi wao, mtu wa tumbo la kutangulia na sauti ya kutikisa vioo vya madirisha.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

"Unajua, Mungu naye..."

"Najua, Kaka Koo. Tunaanza na wimbo gani?"

Koo akashusha pumzi. Hilo angalau lilikuwa swali analolijua jibu lake.

Sindano akapiga magoti jukwaani, akafungua begi, akamtoa Kinyonga. Ndivyo bendi ilivyoiita prosesa yake ya gitaa: kisanduku cha chuma, ukubwa wa sinia la chai, chenye kioo kidogo na vitufe sita vya kukanyaga. Ndani yake zilikaa sauti za amplifaya za kila namna. Kanyaga hapa, gitaa linakwaruza kama amplifaya kuukuu iliyochoshwa na ulevi wa mwenyewe. Kanyaga pale, linatoka safi kama glasi iliyosuguliwa. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye gitaa, mwingine unatoka kwenda moja kwa moja kwenye miksa ya fundi sauti. Hakuna spika nyuma yako, hakuna cha kubeba. Mwanamuziki anasikia anachopiga kupitia vidude viwili vya masikioni.

Kinyonga aliletwa na mimba. Kabla yake Sindano alikuwa na amplifaya kubwa, nzito kama gunia la sementi, na kwa miaka tisa aliipandisha ngazi za mahoteli bila kumwomba mwanamume yeyote msaada. Mwezi wa nne wa mimba, mumewe alimkuta katikati ya ngazi, kaikumbatia, jasho linamtiririka.

"Weka chini," akasema mume. Alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache na mifuko mingi.

"Nikiweka nani atabeba?"

"Weka chini, mama. Nitajua mimi."

Alihangaika majuma mawili, akarudi na kisanduku. Usiku huo alisoma kitabu chake cha maelezo kitandani, ukurasa kwa ukurasa, kama mwenye mtihani asubuhi. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, alikizunguka mara mbili. "Wenzako wananunuliwa kitanda cha mtoto," akasema, "wewe mkwe wangu umenunuliwa sinia la chuma!" Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa nane binti yao alizaliwa kimya. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba hutokea, kwamba wametafuta sababu na hawakuiona. Sindano aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa dirisha la kulipia maji. Tangu hapo hakulia. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa alale, akaoga maji yalipowekwa. Wifi yake aliyekuja kumtunza alisema, "Wifi, lia basi, utapasuka." Akajaribu, kwa adabu, ili kumridhisha. Machozi hayakutoka.

Kazi ya siku ile ilikuwa harusi, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa, watoto wakaanza kuteleza sakafuni na viatu vipya, na Koo akawainua watu vitini kwa wimbo wa kwanza. Zamani, wimbo kama huo Sindano aliusikia kwa mgongo. Amplifaya ilimpiga kuanzia mabegani hadi kwenye mashavu ya miguu, akajua kwa mwili kwamba amepiga vizuri au vibaya. Sasa sauti ilikuja masikioni tu, ndogo na safi, kama jirani anayeongea na simu upande wa pili wa ukuta. Vidole vilijua njia. Kiitikio kilipofika, mguu ulikanyaga kitufe cha pili. Solo ilipofika, cha nne. Ilipokwisha, ukarudi cha kwanza. Mama wa bibi harusi alilia kwa furaha, karibu kabisa na jukwaa. Sindano alimtazama jinsi unavyotazama mvua wakati huna safari.

Walipopumzika, fundi sauti alikuja akitabasamu. "Dada, ungekuwa hivi kila siku, mimi ningelala kazini. Sijagusa sauti yako tangu tuanze."

Koo hakutabasamu. Alingoja fundi aondoke, akakaa kwenye sanduku la nyaya, likalia chini yake.

"Leo hujakosea hata mara moja."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nangoja ukosee." Koo alijifuta uso kwa leso. "Hata padogo. Nijue upo."

Sindano alilivuta gitaa pajani. Akachukua kitambaa, akafuta nyuzi moja baada ya nyingine, kuanzia ile nene. Koo akamngoja mpaka ya sita, kisha akainuka kwenda kutafuta maji.

Alhamisi asubuhi aliitwa studio. Bendi ilikuwa inarekodi nyimbo sita, na sehemu zake za gitaa alikuwa amekwisha kuzirekodi nyumbani, mimba ikiwa ya miezi saba, kwa sababu studio ilikuwa ghorofa ya nne na lifti yake ilikuwa pambo. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, Kinyonga akiwa ameunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja. Uzuri wa Kinyonga ni kwamba alirekodi mara mbili kwa mpigo: sauti iliyokwisha kuvalishwa amplifaya na mwangwi, na pembeni yake gitaa kavu, lilivyotoka kwenye nyuzi, bila nguo. Ukija kubadili mawazo, unalichukua lile kavu na kulivalisha upya. Huna haja ya kupiga tena.

Aliyekuwa akichanganya nyimbo ni mwanamke wa miwani minene ambaye wanamuziki wote walimwita Shangazi, ingawa hakuna mpwa wake hata mmoja aliyejua kushika ala. Alimpokea Sindano kwa kumkumbatia kwa nguvu, akamvutia kiti.

"Sauti uliyochagua wakati ule imenenepa mno," akasema. "Inamfunika Koo, na Koo kumfunika si kazi ndogo. Nataka tuchukue gitaa kavu, tulipitishe kwa Kinyonga wako tena, tulipe vazi jepesi."

Wakafanya kazi. Sindano alichezea vitufe, Shangazi akasikiliza macho yamefumbwa. Hiyo hapana. Hiyo ina vumbi. Hiyo, hiyo, usiiguse! Wimbo wa kwanza ukakaa sawa, na wa pili. Katikati ya wa tatu gitaa likakatika.

Shangazi akafumbua macho. Kwenye kioo cha kompyuta, mawimbi ya sauti yalikuwa yamekwisha, umebaki mstari mnyoofu, mrefu.

"Hapa ulienda wapi? Sekunde hamsini na mbili. Ulipokea simu?"

Sindano aliutazama mstari ule, akajua mara moja.

Alikuwa amelipakata gitaa juu ya tumbo, maana mahali pengine pa kuliweka hapakuwapo tena, na mtoto akalipiga teke kwa nyuma. Si teke la kuhisi peke yako. Gitaa lenyewe liliruka. Sindano aliachia nyuzi akaangua kicheko, akaita, "Njoo! Njoo upesi!" Mumewe akatoka jikoni mbio, koleo mkono mmoja, akijua kumeharibika; akaelekezwa, akaweka kiganja ubavuni mwa gitaa. Yakaja mengine matatu, ya harakaharaka. "Ala! Huyu ni mpiga dramu," akasema. Wakacheka kama wendawazimu. Mapigo ya kuhesabia muda yalikuwa bado yanalia masikioni, basi Sindano akadaka wimbo palepale alipouacha.

Yote hayo yalitokea ndani ya mstari ule mnyoofu. Kinyonga hana masikio. Anajua tu kinachopita kwenye waya. Kicheko hakikupita kwenye waya.

"Sauti iliyovalishwa imeondolewa kelele zote," Shangazi akasema, "hebu tuone kavu inasemaje, nijue pa kuunganishia." Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kukaja mvumo mwembamba wa nyuzi zilizoachwa wazi. Halafu, chini kabisa, *du*. Nyuzi zikatetemeka kidogo. Kimya. *Du. Du-du.*

"Uligonga gitaa," Shangazi akasema.

"Siyo mimi."

Shangazi aligeuka kumtazama. Kisha polepole akaondoa mkono kwenye kompyuta, akavua miwani, akaishika magotini. Mvumo uliendelea mpaka gitaa liliporudi, changamfu, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Sindano alingoja iume. Alikaa wima, akajishika magoti, akangoja kama mtu aliyekwisha kuchomwa sindano ya ganzi anavyongoja daktari wa meno. Haikuuma. Aliona tu kwamba zulia la studio lilikuwa la buluu na kwamba lilikuwa limeungua mahali fulani.

"Kata," akasema.

"Nikate, au nikate niiweke pembeni?"

"Wewe kata tu, Shangazi. Wimbo usubiri nini?"

Shangazi akakata, akaunganisha, na kiungo hakikusikika. Akaomba radhi, akatoka nje ya chumba kwa muda, akarudi na macho mekundu na glasi mbili za maji. Walimaliza nyimbo zote sita kabla ya saa tisa.

Nyumbani alimkuta mumewe mezani, akitengeneza pasi ya mtu. Sindano akakaa mbele yake akamweleza, kwa sauti ileile ya kumtajia bei ya mkaa. Mume hakunyanyua uso mpaka mkewe alipomaliza.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

"Moja. Kisha tatu za haraka."

Mume akaweka bisibisi chini. Akainuka, akaenda kwenye kona ya vifaa vyake, akarudi na mfuko wa karatasi, akauweka kati ya skrubu za pasi. Ndani mlikuwa na sweta ya manjano iliyofumwa kwa mkono, na soksi zake, kila moja ndogo kama kidole gumba.

"Umevitoa wapi?"

"Kwa yule mama ninayenunua nyaya kwake." Alizungumza akiitazama pasi. "Siku ya kwanza niliyorudi kazini aliniuliza, mtoto hajambo? Ulimi ukateleza. Nikasema hajambo. Siku ya pili ningerudije nyuma? Sasa kila nikienda ananiuliza, na mimi namjibu. Juzi akanipa hii."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba anakua."

"Ana kilo ngapi?"

"Nne na nusu."

"Analala vizuri?"

"Vizuri sana," akasema mume. "Halii kabisa."

Kisha akaziba uso kwa mikono yake miwili yenye harufu ya waya ulioungua, mabega yakaanza kutikisika. Sindano akazunguka meza, akasimama nyuma yake, akaweka mkono kwenye shingo yake. Aliuona mkono ule kama wa mtu mwingine, mtu mwema aliyepita njia. Lakini hakuuondoa. Walikaa hivyo mpaka chumba kikaingia giza na hakuna aliyewasha taa, ndani ya nyumba ya fundi umeme.

"Kesho twende," akasema Sindano.

"Wapi?"

"Dukani kwa huyo mama. Utakuja kumwoza kwa watu mtoto wa maneno."

Walikwenda mapema, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, amekaa katikati ya mizunguko ya nyaya kama kuku kwenye kiota. Alipowaona wawili uso wake ukachanua, na macho yakatafuta mgongoni mwa Sindano, kisha mikononi. Mume akaweka mfuko juu ya meza. Akafungua mdomo.

"Mama, shikamoo," akasema Sindano. "Mtoto hayupo. Hakuwahi kufika nyumbani. Huyu alishindwa kusema. Tumekuja kukuomba radhi, na kukurudishia."

Mteja akaingia akataka balbu. Mama akaijaribu balbu kwanza iwake, akampa, akamuaga. Ndipo akaitoa sweta, akaikunja upya taratibu, mikono kwa ndani, ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Zawadi hairudishwi," akasema. "Lakini siwezi kuwalazimisha muwe nayo ndani. Nitawawekea hapa. Siku mkiitaka, ipo; msipoitaka, ipo vilevile." Akaingiza mfuko chini ya meza, akamgeukia mume. "Na wewe mwanangu. Si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini, mama?"

Mama alifikiri. "Kweli," akasema. "Ungeniambia nini. Poleni, wanangu. Poleni sana."

Wakatoka. Walifika hadi kwenye kona, mume akasimama, akajipapasa mifuko yake yote, ya mbele na ya nyuma.

"Nini tena?"

"Swichi ya njia mbili. Nina kazi saa nne, na sikununua swichi." Alitazama duka, akatazama barabara. "Nitatafuta kwingine."

"Kwingine wapi, asubuhi yote hii? Nisubiri."

Sindano akarudi peke yake. Mama alikuwa bado amesimama palepale, viganja vyake juu ya meza tupu.

"Swichi ya ukutani, mama," akasema Sindano. "Ya njia mbili. Moja tu."

Mama akageuka, akapanda kigoda, akaanza kuitafuta kwenye rafu ya juu, na Sindano akamshikia kigoda kisiyumbe.