Msitu wa Vyura Kahama

Bustani ndogo ya wanyama mjini Kahama ilipoletewa vyura wa misitu ya Usambara, Agnetha, mtunzaji wao, aliogopa kwamba ukavu wa hewa ungewaua. Chumba cha kisasa cha kuwafugia kilikuwa ghali mno.

"Tutajenga wenyewe," alisema mumewe Jilala, fundi pampu wa machimboni.

Akajenga kuta mbili za mabati, katikati akashindilia pumba za mpunga kuzuia joto la nje. Mabomba chakavu akayatoboa matundu madogo, maji yakatoka kama ukungu. Agnetha akapanda migomba na mimea ya kivulini.

Asubuhi moja alipofungua mlango, vyura, waliokuwa kimya tangu waletwe, walikuwa wakilia kwa nguvu. Akamtazama mumewe aliyelowa chapachapa kwa maji ya mabomba.

"Wabeja, Baba Eunice," alimshukuru kwa Kisukuma. "Sasa wako kwao."