Kabati la Kumi na Nne Lachanua

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, Mama Gazeti alikuwa amepiga magoti mbele ya mbao za kukandamizia mimea, akitoa magazeti yenye unyevu na kuweka makavu. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Mmea ukishachumwa porini hulazwa kati ya kurasa za gazeti, hubanwa kwa mikanda, na magazeti hubadilishwa kila siku mpaka ukauke. Kisha hushonwa kwenye karatasi ngumu, hubandikwa lebo, huingia kabatini, na humo unatakiwa utulie miaka mia.

Alipofungua kabati la kumi na nne kutafuta nafasi, alikuta mmea alioukausha miaka kumi na moja iliyopita umetoa maua. Manne, ya zambarau. La tano lilikuwa bado limefumba.

Kwanza alishuku kwamba mtu wa chai amemwaga maji. Akapitisha kidole chini ya karatasi, pakavu. Akavuta droo ya pili. Humo majani yalikuwa yamezinyanyua karatasi za juu kama mtoto anayepiga mateke shuka. Akachukua daftari, akaandika tarehe, saa na idadi ya karatasi zilizochanua: sitini na moja.

Chumba kilikuwa cha Chama cha Watafiti wa Mimea, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Chama kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, na yeye hakuwa mmoja wao. Alikuwa na stashahada, miaka ishirini na miwili ya kazi, na fomu ya uanachama iliyorudishwa mara tano. Ya sita ingesomwa kwenye mkutano mkuu siku ya Ijumaa, na safari hii alikuwa na haraka nayo. Kwenye machimbo ya mawe alikuwa ameona mmea usiozidi kidole gumba, ambao haumo katika kitabu chochote. Anayeruhusiwa kutangaza mmea mpya katika jarida la Chama ni mwanachama tu. Ukurasa ulishatengwa. Akikubaliwa, ungekuwa wake. Asipokubaliwa, ungeandikwa na Profesa, mwenyekiti wa Chama, ambaye hata njia ya kwenda machimboni haijui.

"Katibu, hebu njoo uone," aliita.

Katibu, ambaye wote walimwita Kifungu kwa jinsi alivyoipenda katiba ya Chama, alikuja na kikombe mkononi.

"Huu ulikaushwa?"

"Miaka kumi na moja."

"Basi ulikaushwa vibaya."

"Katibu, usinianze asubuhi yote hii."

"Natania, mama. Maua yana harufu?"

"Ya asali kwa mbali."

Kifungu akanusa, akakubali kuwa ni asali, akauliza kama jambo lenyewe liingie kwenye ajenda. Likaingia: namba nane, Mengineyo.

Jumatano karatasi zilizochanua zilifika mia moja na arobaini. Mama Gazeti alikuwa mtu wa kutaka kujua, si mtu wa kushangaa. Akazipanga mezani, akazikagua moja moja. Zote zilikuwa na lebo ya aina moja: *Mkusanyaji: Profesa na wenzake.* Na zote alizichuma yeye, peke yake, kwa mgongo wake mwenyewe. Kulikuwa na karatasi nne ambazo Profesa alizikusanya kweli, enzi za ujana wake. Hizo zilikuwa zimekauka kau. Akaiweka mojawapo katikati ya mbili zenye maua, ikakaa hapo kutwa nzima. Haikutikisika.

Ndipo akachapa lebo yenye jina lake, akaibandika juu ya ile ya zamani kwenye karatasi moja iliyochanua. Gundi haijashika vizuri, maua yakafumba, majani yakajilaza, na mmea ukanyooka kwenye karatasi yake kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Akabandua lebo. Birika halijachemka, maua yakarudi. Akarudia mara tatu, maana jaribio la mara moja si jaribio. Baadaye akaitia lebo mfukoni, kwa sababu kubadilisha lebo bila idhini ya mwenyekiti ni kosa la kazi.

"Yanachanua kwa sababu ya uongo," alimwambia Kifungu.

"Tuseme kwa sababu ya taarifa zisizokamilika," alisema Kifungu, akamsaidia kufungua madirisha. Nyuki walikuwa wameanza kuja.

Ijumaa wanachama walifika, wakasogeza viti mbali kidogo na makabati, wakaketi. Mmoja alipiga chafya mara saba na kuomba radhi kila mara. Uanachama ulikuwa jambo la pili. Kifungu akasimama, akasoma kifungu cha saba: mwombaji adhaminiwe na wanachama wawili waliomwona kwa macho yao akikusanya mimea porini.

"Nani amemwona?"

Wanachama wakaendelea kupunga nyuki kwa karatasi za ajenda.

"Mimi namwamini mia kwa mia," alisema mtaalamu wa nyasi, mama mwenye miwani ya kusomea kichwani na mingine puani. "Ila kumwona, jamani, hapana."

"Goti langu mnalijua," alisema Profesa. "Mwaka wa kumi na tano huu sijapanda hata kilima."

Mama Gazeti alikuwa akiandika muhtasari wa kikao, kwa kuwa mwandiko wake ndio pekee uliosomeka. Akaweka kalamu chini.

"Profesa, kwa heshima zote. Lebo elfu mbili na mia tatu zinasema ulikuwepo. Kama ulikuwepo, uliniona, niwekee sahihi. Kama hukuwepo, tubadilishe lebo."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Mama Gazeti alipofiwa na mama yake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

"Lebo ni lebo, mama," alisema polepole.

Kifungu akaomba dakika kumi na katiba. Alitumia nne. Lebo, alieleza, ni kumbukumbu rasmi za Chama, kwa hiyo Profesa alikuwepo. Alikuwepo pamoja na wenzake. Lakini lebo hazikuwataja hao wenzake, na hakuna ushahidi kwamba Mama Gazeti alikuwa mmoja wao. Fomu irudishwe.

Mkutano ukashusha pumzi. Mtaalamu wa nyasi akapendekeza wenzake hao washukuriwe rasmi, popote walipo. Mikono kumi na mmoja ikanyooka. Mama Gazeti akaandika: kwa kauli moja.

Namba nane ilichukua dakika arobaini na ilikuwa na furaha nyingi. Waliamua kwamba maua yakubaliwe, makabati yaachwe nusu wazi kwa ajili ya nyuki, na mimea imwagiliwe mara mbili kwa wiki.

Alasiri Mama Gazeti alichapa jarida kama kawaida. Ukurasa wa kwanza: *Vielelezo vya Profesa Vyachanua.* Ukurasa wa tatu: mmea mpya wa machimboni, umeelezwa na Profesa. Huyu alikuwa ameandika kwamba vinyweleo viko juu ya jani. Viko chini. Mama Gazeti akasahihisha. Penye *Wanachama Wapya* akaandika *Hakuna.* Nakala ya kwanza ilipotoka kwenye mashine, ukurasa wa tatu ulikuwa umeshaota mizizi kwenye kona. Akaikata kwa mkasi ili uingie kwenye bahasha.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama, wamekukubali?"

"Wameyakubali maua."

"Na wewe?"

"Mimi nimepewa ndoo."

"Ndoo ya nini tena?"

"Ya kumwagilia. Lita kumi, mpya kabisa," alisema, akakata simu, kwa sababu bomba la koridoni lilikuwa limeanza kutoa maji.